Jiwe na Kidonda, Neno Moja

Kupiga magoti Siegmar Noack aliweza bado. Kuinuka ndiko kulikokuwa na kazi. Asubuhi alipotoka kitandani, goti lake la kulia lilitoa mlio kama kijiti kikavu kinachovunjwa, na mkewe Traudel, akiwa bado amefumba macho, alisema, "Umeamka, baba." Hakuwa anauliza. Alikuwa anahesabu milio ya magoti.

Siegmar alikuwa na miaka sitini na mitatu, na arobaini na sita kati ya hiyo alikuwa ameitumia kutandaza mawe barabarani. Kazi yenyewe hufanywa chini kabisa. Fundi huketi juu ya kigoda cha mguu mmoja, miguu yake mwenyewe ikawa ya pili na ya tatu, mbele yake mchanga, kando yake rundo la mawe ya itale yaliyochongwa saizi ya ngumi. Mkono wa kushoto huokota jiwe, huligeuza, hulitafutia uso. Mkono wa kulia una nyundo. Jiwe huingia mahali pake, nyundo hugonga mara tatu, na mkono wa kushoto umeshaokota jingine. Mtu akikaa hivyo siku moja, mgongo humuuma. Akikaa hivyo maisha yake yote, hata kitandani hulala amejikunja.

Mawe hayo yakishatandazwa, Wajerumani huyaita Pflaster. Na kile kitambaa cha kunata tunachobandika juu ya kidonda, nacho hukiita Pflaster, herufi kwa herufi. Siegmar hakuwahi kulishangaa jambo hilo mpaka alipofika miaka ishirini na mitatu, siku nyundo ilipokwepa jiwe ikapata kidole gumba.

Siku hiyo walikuwa wanatandaza barabara iliyopita mbele ya duka la dawa la Grünitz, mji mdogo huko Lausitz, mashariki mwa Ujerumani, ambako hata watoto hujua kutofautisha itale ya machimbo haya na ya machimbo yale. Aliingia dukani damu zikimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nyuma ya kaunta alisimama msichana mwembamba mwenye nywele fupi, Edeltraud, ambaye kila mtu alimwita Traudel.

"Nataka Pflaster," Siegmar alisema.

Msichana akachungulia dirishani, kwenye barabara iliyochimbuliwa. "Nilidhani mnazo za kutosha huko nje."

"Zile hazinati."

"Basi mnazibandika vibaya," alisema, akamshika mkono na kuanza kumsafisha bila kumwonea huruma hata kidogo.

Mfamasia wa duka, mzee Liebscher, aliyesoma Kilatini shuleni enzi zile, alikuwa anapima unga kwenye mizani huku akisikiliza. Hakuweza kujizuia. "Mnacheka, lakini neno ni moja," alisema. "Wala si letu. Warumi walikuja nalo, nao waliliazima kwa Wayunani. Emplastrum: kitu cha kupakwa juu ya kitu. Mganga alipaka dawa yake kwenye kitambaa, akakibandika kidondani. Wajenzi nao wakaona, ala, hata sisi twapaka! Twapaka chokaa chini, twabandika mawe juu yake. Wakalichukua neno. Babu zetu waliposikia, wakalimeza zima, na maana zote mbili."

"Chokaa siku hizi hatupaki," Siegmar alisema. "Tunaweka mchanga."

"Na dawa siku hizi hatupaki. Vitu vimekwenda, neno limebaki. Ndivyo yalivyo maneno, kijana. Ni mavivu kuhama."

Sisi tunaosema plasta ya kidonda na plasta ya ukuta hatuna haki ya kumcheka. Ila Siegmar hakuwa anasikiliza tena. Alikuwa anatazama vidole vya yule msichana vikimfunga kidole chake. Juma lililofuata alirudi kununua Pflaster ingawa hakuwa na kidonda, na lililofuata pia. Juma la nne Traudel alimwambia, "Wewe, sema unachotaka, sanduku letu la Pflaster linakwisha." Walioana mwaka huohuo kabla ya baridi kuingia.

Miaka miwili baadaye kikosi chao kilipewa uwanja wa mbele ya baraza la mji. Kazi ya kutandaza upinde juu ya upinde, mawe yakipandana kama magamba ya samaki, haikupewa kila mtu. Msimamizi alimpa Siegmar. Alikuwa na miaka ishirini na mitano. Majira yote ya joto alikaa juu ya kigoda chake kati ya chemchemi na ngazi za baraza, akikatisha uwanja upinde kwa upinde, na jioni Traudel alipotoka dukani alipita kumwona. Alikuwa akivua viatu, akitembea peku juu ya mawe yenye joto, akisema, "Hapa pamekaa vizuri. Hapa pananichoma." Alipochomwa, Siegmar alilitoa jiwe na kulirudisha upya.

Kisha maisha yakaenda. Binti yao Ines akazaliwa, akakua, akaolewa mbali. Ukuta ukaanguka kule Berlin, na mwaka uliofuata shirika lililomwajiri Siegmar likafungwa, watu mia mbili wakatoka getini na barua mikononi. Kwa miaka kumi na moja alifanya kazi upande wa Magharibi: Jumapili jioni anaondoka, Ijumaa usiku anarudi, katikati analala kwenye kibanda cha bati na wanaume watano wanaokoroma. Alitandaza Munich, alitandaza Stuttgart, alitandaza mbele ya maduka ambayo hakuwahi kuingia. Watu wa huko wana msemo wao: mji wenye maisha ya juu ni Pflaster ghali, mtaa wenye fujo ni Pflaster ya moto. Siegmar aliwaambia wenzake kwamba yeye huyagusa yote kwa mkono, na yote ni baridi.

Aliporudi Grünitz kwa kudumu, akaajiriwa na fundi mdogo wa hapohapo, bwana Jentzsch, alikuwa na nywele nyeupe na magoti ya mtu wa miaka themanini. Traudel alimwambia, "Sasa pumzika kidogo." Akajibu kwamba atapumzika. Jumatatu akaenda kazini.

Aliyepumzishwa kwa nguvu ni Traudel. Asubuhi moja ya Februari alikuwa anamenya viazi, kisu kikamdondoka, akakitazama pale sakafuni kana kwamba ni cha mtu mwingine. Kilikuwa kiharusi. Alirudi kutoka hospitali majira ya machipuo, anasema vizuri, anacheka vizuri, lakini mguu wa kushoto anaukokota. Walimpa kikongojo cha magurudumu manne, chenye breki kama za baiskeli, kikapu mbele na kikalio kidogo katikati. Wazee wa Ujerumani nusu yao wanakisukuma hicho. Kwenye lami kinateleza kama mtoto kwenye barafu.

Lakini nyumba ya akina Noack ilikuwa upande huu wa uwanja, na duka la mikate, daktari na saluni ya nywele vilikuwa upande ule.

Basi ikafika vuli ya mwaka wa pili, na baraza la mji likaita wananchi katika ukumbi wa kikosi cha zimamoto. Mhandisi wa mji, bi Hempel, mwanamke mpole mwenye mafua yasiyokwisha, alionyesha picha ukutani. Baraza lilikuwa na mipango mitatu: kuuacha uwanja ulivyo, kuung'oa wote na kuweka vigae vya zege, au jambo la katikati ambalo halijaamuliwa. Siegmar aliketi safu ya nne, Traudel pembeni yake, kikongojo kimefungwa breki kwenye njia.

Mzee Pietschmann, mwalimu mstaafu, alisimama kwanza. Aliongea robo saa. Alisema mawe yale ni urithi, ni sura ya mji, na anayeyagusa anagusa makaburi ya babu zake. Watu wakapiga makofi. Kisha akanyoosha mkono kumwelekea Siegmar: "Na fundi mwenyewe tunaye hapa hapa! Bwana Noack, tuambie."

Siegmar hakupenda kusema mbele za watu. Alikuwa ameanza kutafuta pa kuweka mikono ili ainuke, goti likimkatalia, aliposikia breki za kikongojo zikifunguliwa. Traudel alikuwa ameshasimama.

"Mimi ni Traudel Noack," alisema, kama vile kuna asiyemjua. "Mawe haya katandaza mume wangu. Ni mazuri, sijaona mazuri kama hayo. Ila siwezi kuyavuka. Nazunguka kwa posta ya zamani, dakika ishirini na tano kwenda, ishirini na tano kurudi, kwa ajili ya mikate minne midogo. Januari iliyopita nilikaa ndani siku kumi na tisa. Kina mama wenzangu wako hapa, wanaona aibu kusema. Basi mimi nimesema."

Akaketi. Kisha sauti ya mwanamume nyuma ikapaa, ikimwita Siegmar kwa kifupi cha jina lake: "Siggi, leo unalala kwenye banda la sungura!" Watu wakaangua kicheko, na bi Hempel akapenga kamasi, akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Walizunguka kwa posta ya zamani, magurudumu yakilia kwi, kwi. Mlangoni ndipo Siegmar alipofungua kinywa.

"Ungeniambia kwanza."

"Ningekuambia nini? Kila Jumamosi tuko pamoja. Unanibebea mkoba. Unatazama mawe, mimi hunioni."

"Nayatazama kwa sababu yanatitia upande wa chemchemi."

"Ndilo hilo ninalosema," Traudel alijibu, akaingia ndani.

Siku tatu waliishi kama wapangaji. Traudel alipika viazi vya kuchemsha, akaviweka mezani na jibini laini na mafuta ya kitani, wakala, wakasikiliza redio. Kazini hali haikuwa nafuu. Rico, fundi mwenzake aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini, mwenye michoro mikononi mpaka shingoni, hakumpa nafasi ya kupumua.

"Mzee, mkeo amekushtaki mbele ya mji mzima! Wangu hunishtaki kwa mama yake tu."

"Fanya kazi, Rico."

"Nafanya. Lakini sema kweli, yeye kakosea?"

Siegmar aligonga jiwe mara tatu, kisha akaligonga mara ya nne, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Jiwe likapasuka.

Jumapili mchana, Traudel alipolala baada ya chakula, Siegmar alitia mfuko wa viazi wa kilo kumi katika kikapu cha kikongojo, akakitoa nje polepole. Uwanja ulikuwa mtupu. Mvua nyepesi ilikuwa imepita, mawe yaking'aa kama yamepakwa mafuta. Alishika mipini kama alivyomwona mkewe akiishika, akainama kidogo, akaanza kuvuka.

Hatua kumi za kwanza mikono yake ilitetemeka kama imeshika mashine ya kushindilia. Ya kumi na moja, gurudumu la mbele likazama kati ya mawe mawili, kikongojo kikasimama ghafla, tumbo lake likagonga mpini na viazi viwili vikaruka kikapuni vikaenda zao. Akakiinua, akasukuma, kikazama tena. Kufika chemchemi kulimchukua muda ambao mtu mzima hutumia kwenda kanisani na kurudi. Alipofika alikuwa anahema, viganja vinawasha, na goti lake la kulia linampigia kelele.

Dirisha likafunguka juu ya duka la maua. Alikuwa bi Mirtschin, mjane, mwenye ulimi. "Noack! Umezeeka tangu jana, au unamtembeza shetani?"

Siegmar aliinama. Alikuwa anatazama chini, na safari hii si kwa sababu ya kutitia.

Nafasi kati ya jiwe na jiwe ilikuwa pana. Kidole chake kiliingia mpaka kiungo cha pili. Alikuwa anajua. Majira yale ya joto, miaka thelathini na minane iliyopita, mawe mazuri, yenye pande zilizonyooka, yalipakiwa kwenye mabehewa kwenda kuuzwa Magharibi. Kikosi chao kiliachiwa makombo: mawe yenye vichwa vya mviringo, moja kubwa, moja dogo, moja kama kiazi. Siegmar alikuwa ameyapanga kwa ujanja, akazificha kasoro ndani ya mipinde, akajaza nafasi kwa mchanga na kokoto laini, na mtu akitazama kutoka ngazi za baraza aliona magamba ya samaki, akasema ah. Kila mwaka mvua ilichukua mchanga kidogo. Watu walisifu mipinde, naye alipokea sifa, akanyamaza. Miguu ya msichana anayetembea peku ilikuwa myepesi mno kuyaona hayo.

Aliokota viazi vyake, akarudi. Kurudi hakukuwa kwepesi kuliko kwenda.

Traudel alikuwa ameamka, ameketi jikoni na koti juu ya mabega. Alitazama magurudumu yaliyolowa, akatazama uso wa mumewe, akamsogezea kiti.

"Nafasi ni pana," Siegmar alisema, akiketi bila kuvua kofia. "Zilikuwa pana tangu mwanzo. Mawe yalikuwa mabaya, mama. Nilijua."

"Wewe nawe. Hayakuwa makosa yako."

"Kunyamaza kulikuwa kwangu."

Traudel akavuta kikombe, akammiminia kahawa iliyokwisha poa. "Kunywa," alisema. "Na viazi umevipeleka wapi?"

"Kutembea."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Siegmar, ambaye hakuona kitu cha kuchekesha, alikunywa ile kahawa baridi yote.

Baraza liliamua lile jambo la katikati. Uwanja utabaki, lakini utakatwa na njia ya upana wa mita mbili, kutoka kona ya akina Noack mpaka duka la mikate, ya mawe ya itale yaliyokatwa kwa msumeno, bapa kama meza, yaliyobanana. Kwenye mchoro njia hiyo ilipita katikati ya mipinde kama kisu kwenye keki. Mzee Pietschmann aliandika barua mbili gazetini. Kina mama wenye vikongojo hawakuandika kitu.

Kazi ikampata bwana Jentzsch. Alimwita Siegmar ofisini, akafunga mlango, akahangaika na kalamu. "Siggi, nikupeleke kwenye ile barabara ya mashambani? Hii naweza kumpa Rico."

"Nani atayatoa bila kuyavunja?"

"Ninasema tu. Kwa moyo wako."

"Moyo wangu ni mzima," Siegmar alisema. "Niulize magoti."

Walianza majira ya machipuo, ardhi ilipoacha kuganda. Alitoa mawe kwa mkono, moja moja, kwa mpangilio uleule alioyaingizia, akirudi nyuma. Wapita njia walisimama, wakatikisa vichwa, wakampa pole kama kwenye msiba. Mwanzoni alijibu. Baadaye aliacha, kwa kuwa pole nazo huchosha, na kila aliyempa pole alitaka apewe maelezo. Mawe yaliyozidi baraza liliyaweka kando, anayetaka achukue. Watu wakaja na mikokoteni, wakayabeba kwenda kuzungushia maua. Rico aliuliza kama mzee hataki hata machache, ya kumbukumbu.

"Nimeyabeba ya kutosha," Siegmar alisema.

Kutandaza njia mpya hakukuhitaji ujanja. Kulihitaji usawa tu. Kamba, kipimo cha maji, nyundo ya mpira. Mawe ya msumeno hayana uso wa kutafutwa, yote ni uso. Siegmar aliyaona kama watu waliokosa adabu kwa kuwa hawajapata shida. Hata hivyo aliyapanga kwa namna ambayo hata wembe usingepita katikati yake, na kila alipomaliza mita moja alipitisha kiganja juu yake, mbele na nyuma, akiwa amefumba macho.

Juma la tatu, Jumatano, saa nne asubuhi, alipiga goti kuchukua kipimo na hakuinuka tena. Hakukuwa na kelele. Alibaki pale, mkono mmoja juu ya jiwe, akijaribu, akijaribu tena, mpaka Rico alipotupa koleo na kumshika chini ya makwapa.

"Mzee, niachie uzito wote. Wote, nimesema!"

"Sitaki watu waone."

"Watu wanakula mikate, hawaoni kitu."

Walikuwa wanaona. Mwenye duka la mikate alitoa kiti nje. Daktari, ambaye zahanati yake ilikuwa mlango wa pili, alikuja na koti lake jeupe, akaligusa goti pande mbili, akasema kwamba hapa hakuna tena cha kugusa, mfupa unasaga mfupa. Siku hiyohiyo akamwandikia kuacha kazi. Si kwa juma, si kwa mwezi.

Zilikuwa zimebaki mita tisa. Kesho yake Siegmar alikuja akiegemea fimbo, akaketi kwenye kiti cha duka la mikate na flaski ya kahawa, akamtazama Rico akitandaza.

"Kushoto kidogo. Hapana, kushoto kwako. Hilo limeinuka. Rico, limeinuka nywele moja."

Rico alivumilia saa moja na nusu. Kisha akasimama, nyundo mkononi. "Mzee, nyamaza, au njoo ulale hapa nikutandaze na wewe. Upana unatosha."

Siegmar akajimiminia kahawa. Alivyojisikia hakumweleza mtu, wala hakuna aliyeuliza. Zile mita tisa zilimalizwa Ijumaa na mikono isiyo yake, na zilikuwa sawa. Alipitisha fimbo juu yake akitafuta kosa, akakosa.

Siku ya kufungua njia meya alihutubia juani, akakata utepe, akamwita Siegmar mbele. Akampa cheti ndani ya fremu, kikapu chenye soseji, chupa ya mvinyo na sanduku la chokoleti. Wajerumani wana neno la zawadi kama hiyo, apewayo mtu aliyepoteza kitu ili asilie sana: huiita Pflaster ya kufariji. Siegmar alirudi nacho kikapu mikononi mpaka alipokuwa amesimama Traudel.

"Hii nayo ni ya kubandika wapi?" alimnong'oneza.

Traudel akapekua kikapu. "Chokoleti nitaibandika mimi. Soseji yako."

Kisha mkewe akafungua breki. Hakungoja wapiga picha wa gazeti, ambao walitaka asimame, atabasamu, arudie. Aliingia kwenye njia akaenda. Magurudumu hayakulia. Mguu wa kushoto aliukokota kama kawaida, lakini mabega yake, ambayo Siegmar alikuwa amezoea kuyaona yamepanda mpaka masikioni, yalikuwa yameshuka. Aliingia dukani, akatoka, akarudi, akamfikia.

"Hawana keki ya plamu," alisema. "Wanasema imeisha, watu ni wengi leo."

Hayo ndiyo aliyoyasema kuhusu ile njia siku hiyo. Jioni, wakati wa chakula, aliongeza kwamba imemchukua dakika nne na nusu, ameangalia saa ya baraza.

Kustaafu hakukumletea Siegmar raha aliyoahidiwa. Aliendelea kuamka saa kumi na moja, akakaa jikoni gizani, mikono juu ya meza, haijui pa kwenda. Ines alipiga simu kutoka mbali, akamwambia atafute cha kufanya, asome, apande nyanya. Alipanda nyanya. Alichoka kuzitazama. Ile ahadi aliyompa Traudel miaka ile, kwamba atapumzika, ilikuwa imefika mlangoni kama mgeni, na hakujua amweke wapi.

Jumamosi moja ya Juni walikwenda pamoja kununua mikate. Yeye na fimbo, Traudel na kikongojo, wakienda mwendo mmoja kwa mara ya kwanza tangu kiharusi, kwa kuwa sasa hakuna aliyekuwa na haraka kuliko mwenzake. Katikati ya uwanja, pale njia ya bapa ilipokata mipinde, Siegmar alisimama. Alitazama mbele, duka likiwa bado hatua sitini, akatazama nyuma, nyumba ikiwa hatua sitini vilevile.

"Goti limekamata?" Traudel aliuliza.

"Ngoja kidogo tu."

Traudel akafunga breki zote mbili, akakigeuza kikongojo, akapigapiga kile kikalio. "Keti."

"Hicho ni chako."

"Mimi nimekaa ndani Januari nzima. Keti, baba, watu wapite."

Siegmar aliangalia kulia na kushoto. Akageuka, akashika mpini, akajishusha taratibu, na kile kikalio kidogo kikambeba. Traudel alisimama mbele yake, mkono juu ya bega lake ili naye asianguke. Watu walipita pande zote mbili, wengine wakiwasalimu. Rico alipita na mtoto mabegani, akafungua mdomo kusema kitu, akauangalia uso wa Traudel, akaufunga.

Jua lilikuwa limewasha mawe. Siegmar alinyoosha mguu wa kulia mbele yake, kisha wa kushoto, akaacha mabega yashuke. Alikaa hivyo kitambo bila kutazama chini.

"Usilale," Traudel alimwambia. "Duka linafungwa saa sita."

"Silali."

"Umefumba macho."

"Nimefumba tu," Siegmar alisema.